Picha, simu na penseli: namna ya kumfunza mtoto kuandika nyumbani, hatua kwa hatua

Kuna mtoto wa jirani hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, yuko gredi 2, ukimkalisha barazani ataongea mpaka adhana ya magharibi, atakueleza punda wa nani kaanguka wapi na nani kamtoa na mwenyewe alisema nini. Lakini mpe karatasi umwambie "andika insha", ataiangalia tu, penseli mdomoni. Nikimuuliza mbona huandiki jibu lake ni moja, "Bi, sina la kuandika." Na huyu ndiye mwenye maneno kuwashinda wote!

Nilikaa nalo hili siku nyingi, mpaka nikaona kumbe twamtwika mtoto mizigo minne kwa mpigo: afikirie la kusema, alikate neno kwa neno, akumbuke herufi, na huku apigane na penseli. Mtu mzima hii minne haioni kwa sababu ashaizoea, lakini mtoto wa miaka 7 yamshinda, basi akiambiwa andika ule wa kwanza kabisa ndio unaomwangusha. Sasa kitabu cha picha kazi yake ni kumuondolea huo wa kwanza, la kusema liko pale mbele ya macho yake, na simu kazi yake ni kumshikia maneno yake yasipotee wakati mkono wake bado watambaa. Kinachobaki ni kuandika peke yake, na hicho ataweza. Mambo yote ntakayoeleza hapa chini yametokana na hilo.

Mimi nafanya na watoto watano au sita pale dakani kwetu, kwenye baraza ya mlangoni, baada ya alasiri wakishatoka chuoni, yaani madrasa, siku tatu kwa wiki, na haizidi saa moja. Wa miaka 5 mpaka 10 hivi. Ukiwa na mmoja tu nyumbani ni rahisi zaidi.

VITU VYA KUANDAA

Simu moja yenye kamera na kinasa sauti, hata kama kioo kimepasuka. Sio lazima tableti wala kompyuta, na kila mtoto kuwa na simu yake sitaki kabisa, simu ni moja na yakaa mkononi mwangu. Karatasi za A4, penseli za HB, rangi kidogo, mkasi, na kombe ndogondogo za ufuoni kama 20, kazi yake utaiona. Raba naificha. Mtoto mwenye raba hufuta mpaka karatasi ikatoboka, jioni nzima anafuta sentensi moja, mimi huwaambia ukikosea piga mstari mmoja uendelee, hata waandishi wakubwa hufanya hivo.

HATUA YA 1: KUTAFUTA KITABU

Vitabu vya picha vya kununua ni ghali na huku kwetu kuvipata ni mpaka mtu aje navyo kutoka Mombasa, kwa hivyo mimi sehemu kubwa nachukua kwenye intaneti na ni bure kihalali. Kuna African Storybook, huo ni mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ambao tovuti yake ilifunguliwa 2014, na kuna StoryWeaver ya Pratham Books ya India iliyofunguliwa 2015. Zote mbili zina hadithi za Kiswahili, zimepangwa kwa viwango kuanzia vile vya neno moja moja mpaka vya aya nzima, na leseni zake ni za wazi, yaani waruhusiwa kupakua, kuprinti, kutafsiri hata kubadilisha maneno, mradi uwataje waliotunga na waliochora. Soma ukurasa wa mwisho wa kila kitabu, leseni yake imeandikwa pale. Pakua PDF siku una wifi au bando, weka kwenye simu, siku mtandao ukigoma huna wasiwasi.

Kuchagua sasa. Wengi huchagua kwa maneno, mimi nachagua kwa picha. Funika maneno kwa kidole au kwa karatasi, tazama picha peke yake: kuna jambo linatokea? Picha ya mbuzi amesimama tu ni nzuri lakini haina hadithi, mtoto atakwambia "mbuzi" na basi. Picha ya mbuzi ameshika leso ya mtu mdomoni na huyo mtu hajaona bado, hapo mtoto hutamuweza kumnyamazisha. Vitabu visivyo na maneno kabisa ndivyo bora kuliko vyote kwa kazi hii, na wazazi wengine huviona ni vya watoto wachanga, sivyo.

Na kama hukupata kitabu, piga picha. Mimi nimepiga picha tano tu kule Matondoni mafundi wakiwa kwenye kazi ya jahazi, mbao zimelala, fundi anapiga msumari, mtoto anachungulia ndani ya ngalawa, nikazipanga kwenye simu zikawa kitabu. Zilitupeleka wiki mbili.

HATUA YA 2: SOMA PICHA KABLA YA MANENO

Dakika 10, usiharakishe. Pitisha kidole pole pole, muulize. Maswali ya "hii ni nini?" yaishe upesi, matatu manne tu ya kumpasha moto, kisha uingie kwenye maswali yenye nyama: yuwaenda wapi huyu? Kwa nini amefunga mdomo hivi? Unafikiri nyuma ya mlango kuna nani? Kabla ya picha hii kulitokea nini? Swali la mwisho hilo lishike sana, kwa sababu kwenye picha hakuna jibu, lazima alitunge mwenyewe, na hapo ndipo hadithi huanza kuwa yake.

Akijibu kitu ambacho wewe hukioni usimkatalie. Kuna aliyeniambia yule punda kwenye picha analia kwa sababu mwenzake amepelekwa Shela. Hakuna Shela kwenye kile kitabu wala punda wa pili, lakini hadithi ilikuwa imeshaanza, ningesema "hapana, soma vizuri" ningekuwa nimeizima.

HATUA YA 3: AONGEE, SIMU IREKODI

Fungua kinasa sauti, au jitumie mwenyewe sauti kwenye WhatsApp, mwambie nieleze hadithi ya picha hizi kama unavomweleza nduguyo. Dakika moja mpaka mbili, zaidi ya hapo baadaye hamtamaliza kuiandika na atachoka. Usimkatize. Akimaliza mchezee rekodi yake asikilize, na uangalie uso wake wakati huo, wengi ndio mara ya kwanza kusikia sauti yao ikisimulia kitu kizima. Yule wa "sina la kuandika" alisikiliza mara tatu, kisha akasema, "Nimesahau kusema punda alikuwa na kiu." Nikarekodi tena. Ile ndiyo kazi ya kurekebisha insha, na hajashika penseli bado.

HATUA YA 4: ACHORE

Kunja karatasi iwe vyumba vitatu: mwanzo, kati, mwisho. Achore haraka haraka, vijiti vyatosha, mchoro hapa ni wa kukumbuka tu.

Halafu jambo moja la kwetu ambalo sikulifikiria mpaka nilipoliona kwa macho. Watoto hawa asubuhi wako shule, mchana wako chuoni, na chuoni husoma na kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mmoja alinipangia picha zake na mwisho ukawa wa kwanza, nikadhani hakuelewa, kumbe kaanza kulia, kwake ni sawa kabisa. Hilo si kosa la kumgombeza, mtoto anayejua njia mbili ana akili ya ziada. Mchoree mshale mdogo juu ya karatasi unaoonyesha wapi twaanzia leo, basi. Wakiwa wakubwa kidogo huwaambia pia kwamba Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, hapa Amu, yaani Lamu, na Pate na Siyu, na wafurahi wakijua.

HATUA YA 5: KUANDIKA

Hapa ndipo pa kukaa. Cheza rekodi, simamisha baada ya sentensi moja. Mtoto airudie kwa mdomo. Kisha atoe kombe moja kwa kila neno azipange chini kwa safu, halafu achore vistari kwenye karatasi, kistari kimoja kwa kombe moja, ndio aandike juu ya vistari. Cheza tena sentensi inayofuata. Kwa wa miaka 6 sentensi mbili kwa jioni zatosha, wa gredi 3 atafika sita.

Kwa nini kombe? Kwa sababu kosa kubwa la watoto wetu wanaoanza Kiswahili ni hili, naliandika kama nilivolipata:

Pu nda a likata a kwe nda.

Ukilitazama utaelewa limetoka wapi. Shule wamefunzwa kupiga makofi kwa silabi, a-li-ka-ta-a, na ni jambo zuri kwa kusoma, lakini mtoto akiambiwa "acha nafasi kati ya maneno" anaacha nafasi kwenye makofi. Kwa hivyo muulize: nikikwambia "li" peke yake, umeelewa kitu? Hapana. Nikikwambia "alikataa"? Ndio. Basi hilo ni neno moja, kombe moja, liandike limeshikana. Wataipenda hii kama mchezo.

Lakini kanuni hii haifiki kila mahali, kwa sababu "na", "ya", "wa", "kwa", "ni" ukiyasema peke yake nayo hayaeleweki, na mtoto mwenye akili atakwambia hivo hivo, kisha akuandikie "napunda" na "kwanjia". Haya yafundishe kivyake. Mimi nimeyaandika kwenye kadibodi nimetundika ukutani, na, ya, wa, za, la, cha, kwa, ni, si, nikawaambia hawa ni wadogo lakini kila mmoja ana nyumba yake. Wakifika hapo wanatazama ukuta.

Yanayobaki: mb, nd, ng, nj, mtoto husikia ile ya pili tu akaandika "goma" badala ya ngoma, mwambie aweke kidole puani aseme neno, pua ikitetemeka kuna n au m pale mbele. Na ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma, hiyo hachoki kuiulizia, mpe maneno matatu tu, ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, mengine yatakuja.

Sasa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Yule kijana wa "sina la kuandika" sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Yana punda alianguka ndiani." Ilikuwa sentensi nzima, imesimama, ina herufi kubwa na nukta. Nilikwenda mwaka mmoja kwenye shule ambayo siitaji nikaona daftari la mtoto mwengine limepigwa wekundu kwenye maneno kama hayo, hakuna hata alama moja ya kumwambia umeandika vizuri, na mtoto yule akawa haandiki tena ila kunakili ubaoni. Liliniuma na bado linaniuma. Mtaala wenyewe wa CBC, yaani mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kwenye madarasa ya chini 2019, unasema lugha ya mahali itumike mpaka gredi 3. Kwa hivyo mimi kitabu cha kwanza nakiacha kama kilivosemwa. Baadaye twatengeneza ukurasa wenye safu mbili, nyumbani na shuleni: yana, jana. Ndia, njia. Mato, macho. Mtele, mchele. Yuu, juu. Moya, moja. Usiwaambie kanuni, waachie waione wenyewe, wataona penye t kwetu shule husema ch, nd huwa nj, y huwa j. Tahadhari tu, wakishaigundua wataitia kila mahali, nimeandikiwa "mchu" badala ya mtu na "mchocho" badala ya mtoto. Cheka naye kidogo, mwambie kuna maneno hayahami.

HATUA YA 6: KITABU CHA KARATASI MOJA

Hii ndio wanayoisubiri. Chukua A4, ikunje pande fupi zikutane, ikunje tena, na tena mara ya tatu, uifungue yote, utaona miraba 8. Ikunje mara moja kama mwanzo, pande fupi zikutane, kata kwa mkasi kuanzia kwenye mkunjo ukifuata mstari wa katikati, na usimame ukifika kwenye mkunjo wa pili, yaani nusu ya njia tu. Fungua: kuna mpasuko katikati ya karatasi. Ikunje sasa kwa urefu, pande ndefu zikutane, shika ncha mbili uzisukume zije kati, mpasuko utafunguka na kurasa zitajipanga zenyewe. Zilaze upande mmoja. Una jalada, kurasa 6 za ndani, na mgongo. Bila gundi bila stepla.

Sentensi moja kila ukurasa na picha yake. Jalada ni jina la hadithi na jina la kwanza la mtoto, mgongoni tarehe na umri wake. Na wanaoprinti vitabu wanajua, hata vitabu vya picha vya dukani vingi ni kurasa 32 kwa sababu hiyo hiyo ya karatasi kubwa inayokunjwa.

HATUA YA 7: KUCHAPA KWENYE SIMU

Kwa walio gredi 3 na kuendelea, sio kabla. Kwanza nenda kwenye mipangilio ya kibodi uongeze Kiswahili, Gboard, ile kibodi ya Google, inacho cha Kenya na cha Tanzania, halafu uzime ile ya kusahihisha maneno yenyewe. Ukiacha Kiingereza peke yake mtoto ataandika neno sahihi na simu itambadilishia, na yeye ataiamini simu kuliko masikio yake, hapo umeharibu kazi ya wiki nzima. Muonyeshe wapi pa kupata alama ya ng', imejificha kwenye ukurasa wa tarakimu.

Kuna ile ya kusema simu ikaandika, Kiswahili nacho kimo. Usimpe mtoto anayejifunza. Simu inamkatia maneno na kumwekea nafasi, yaani yafanya kazi ile ile tunayotaka aijue yeye. Mtoto mwenye shida ya mkono au ya macho huyo ni kisa chengine, mpe, itamfungulia mlango.

Halafu muda. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 lilisema watoto wa miaka 2 mpaka 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Hawa wetu wamepita umri huo, lakini hata hivyo kwa mpango huu simu inatumika kama dakika 15 kwa jioni, na nyingi ni za kusikiliza.

HATUA YA 8: KUREKEBISHA

Kitu kimoja kwa siku. Leo nafasi kati ya maneno, kesho herufi kubwa. Mwache asome kazi yake kwa sauti huku kidole kiko chini ya maneno, asimame mwenyewe palipokosekana, makosa mengi huyaona bila wewe kufungua mdomo. Wale wa "kisha, kisha, kisha" wape mbadala kwa kuongea, "punde si punde", "ghafla", "mara", "kabla hajafika", wachague.

HATUA YA 9: KIFIKE KWA MTU

Mwana Kupona, mshairi wa Pate, alimwandikia binti yake utendi, mwaka 1858, na tunamsoma mpaka leo. Alikuwa na mtu wa kumwandikia. Insha ya shule haina mtu, ina alama tu, na mtoto huliona hilo hata kama hajui kulisema.

Piga picha kila ukurasa mchana kwenye mwanga wa dirishani bila flashi, mtoto asome kwa sauti urekodi, utume kwa mtu mmoja anayempenda, bibi, ami aliyeko Mombasa, mama aliyeko kazini Oman. Sio kwa grupu la watu 200. Sura ya mtoto, jina kamili na shule yake visitoke, na kama ni mtoto wa mwenzio omba ruhusa ya mzazi kwanza, sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 yasema hivo na hata adabu pia. Vitabu vyenyewe vitie kwenye mkebe wa biskuti wenye mfuniko, chumvi ya bahari na mchwa wa huku havingoji.

Na huyo unayemtumia mwombe kitu kimoja, asiseme "mashallah umejitahidi" akanyamaza, aulize swali. Bibi ya yule kijana, yuko Faza, alisikiliza ile sauti akajibu kwa sauti vilevile: "Na huyo punda, mwanangu, mwisho alipewa maji?" Mtoto alinitazama, akasema hilo hatukuliandika, akaenda kuchukua karatasi mwenyewe akaanza kuikunja.